Mafuta ya ufuta na ya karanga ya mkamuaji wa Mtwara mjini

Kiwanda ninachokizungumzia ni kidogo, kiko kando ya barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Mikindani, na kinauza bidhaa mbili tu: mafuta ya ufuta na mafuta ya karanga. Yote mawili hukamuliwa kwa mashine moja, huachwa yatulie, kisha huchujwa kwa kitambaa bila kusafishwa kwa kemikali. Nimeyatumia yote katika jiko moja, na hukumu yangu ni kwamba ya ufuta yanastahili bei yake, ingawa ni ghali kuliko mawese ya dukani, na ya karanga yanafaa kwa yule tu atakayeyamaliza upesi. Kwa kuwa mkamuaji ni yuleyule na mashine ni ileile, sababu ya tofauti hiyo inapaswa kutafutwa ndani ya mbegu.

Mafuta ya ufuta yana rangi ya dhahabu iliyokolea kidogo, kwa sababu mkamuaji hukaanga mbegu kwa moto mdogo kabla ya kukamua. Ukiyamimina kwenye kikaango unasikia harufu ya ufuta mara moja, lakini samaki akishaiva harufu hiyo haimfuniki. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba chupa iliyofunguliwa na kuwekwa kabatini, katika joto letu hili la pwani, haikuchacha. Ukiangalia muundo wake pekee ungetarajia vingine, maana katika mafuta ya ufuta asidi mbili za mafuta, yaani vijenzi vyake vikuu viitwavyo oleiki na linoleiki, hukaribiana kwa wingi, kila moja ikiwa kama asilimia 40, na linoleiki ndiyo inayoharibiwa haraka na hewa. Kinachoyaokoa ni vitu ambavyo mmea wenyewe huvitengeneza, viitwavyo sesamini na sesamolini. Mbegu inapokaangwa, sehemu ya sesamolini hugeuka kuwa sesamoli, ambayo huzuia mafuta kuchacha. Kiasi cha vitu hivi hutofautiana kati ya aina moja ya ufuta na nyingine, na tofauti hiyo hurithiwa, kwa hiyo mzalishaji wa mbegu anaweza kuichagua kama anavyochagua mavuno makubwa.

Mafuta ya karanga ni mepesi, ya manjano hafifu, na siku za mwanzo ni matamu kweli, hasa kwa kukaangia mihogo. Lakini kabla chupa haijafika nusu yalikuwa yameanza kutoa ile harufu ya karanga za zamani, na nilipoyapasha moto harufu ilizidi. Sidhani kwamba mkamuaji alifanya uzembe. Karanga za kawaida zina linoleiki ya kutosha kuyachachisha mafuta, na hazina sesamoli ya kuyalinda.

Hapa ndipo elimu ya urithi wa mimea inapogusa jiko moja kwa moja. Ndani ya mbegu mna jeni iitwayo FAD2, yaani maelekezo ya urithi ya kutengeneza kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali) kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki. Jeni hiyo ikiharibika, oleiki hubaki ilivyo na kujazana. Katika karanga kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mmea huu umerithi seti mbili za kromosomu kutoka kwa mimea wazazi wawili wa porini, hivyo una nakala mbili za jeni hiyo, na ni lazima zote mbili ziwe zimeharibika. Mwaka 1987 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kuwa wamepata karanga za namna hiyo, zenye oleiki ya takribani asilimia 80, na mwaka 1995 ikatolewa aina ya kwanza kwa wakulima, SunOleic 95R, iliyopatikana kwa kuchavusha na kuchagua vizazi kwa njia ya kawaida. Kwa upande wa alizeti Warusi walitangulia, wakatoa aina iitwayo Pervenets katika miaka ya 1970. Ninayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mafuta ya mbegu bora ni lazima yawe ya mbegu zilizopandikizwa jeni za kiumbe kingine. Wala sisemi kwamba linoleiki ni mbaya, kwani mwili unaihitaji na hauwezi kujitengenezea. Ninachosema ni kwamba mafuta ya kukaangia, tena yanayokaa kabatini bila kusafishwa kiwandani, hudumu zaidi yakiwa na oleiki nyingi.

Sisi wa Mtwara tuna bahati ya kuwa na kituo cha Naliendele cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, jirani kabisa na mji, ambako zimetoka aina za ufuta kama Lindi 02 na aina za karanga kama Pendo 98 na Mnanje 2009. Mkulima huzitazama kwa mavuno, muda wa kukomaa na uvumilivu wa magonjwa, na ana haki. Nami kama mlaji ningependa ubora wa mafuta upewe uzito uleule. Kwa sasa jina la mbegu hupotea njiani: ufuta wa wakulima wengi huchanganywa katika ghala la chama cha msingi cha ushirika kabla ya mnada, na anayenunua hajui amepata aina gani.

Huduma ya kiwanda hiki ni ya heshima. Ukiomba kuona mbegu unaletewa ungo, na nimeona karanga zilizosinyaa na zenye ukungu zikitolewa kwa mkono kabla ya kukamuliwa, jambo la lazima kwa sababu mafuta yasiyosafishwa yanaweza kubeba sumukuvu. Kasoro yao ni chupa isiyo na tarehe ya kukamua wala aina ya mbegu. Tarehe wanaweza kuiandika hata kesho kwa kalamu. Jina la mbegu litawezekana wakinunua moja kwa moja kwa wakulima waliopanda mbegu iliyothibitishwa, na mimi niko tayari kulipa zaidi kwa chupa ya namna hiyo. Hadi hapo, nunua ya ufuta kwa lita, ya karanga chukua chupa ndogo, na uulize yamekamuliwa lini.