Siku nne kwenye uwanja wa watoto wa njia ya Mikindani

Shati la mwanangu liko kwenye beseni tangu jana. Doa la bibo limegoma kutoka, nimeloweka, nimefikicha, wapi. Naandika kwa sababu wazazi wenzangu wa hapa Mtwara mjini wananiuliza kama ule uwanja wa watoto wa njia ya Mikindani unastahili shilingi 5,000 kwa siku. Likizo hii ya Desemba nimempeleka siku nne. Unastahili, ila yapo ya kurekebisha.

Msitegemee bembea za chuma. Kuna uzio wa makuti, mikorosho mitatu mikubwa ambayo matawi yake yanagusa chini, na rundo la vitu: matairi ya lori, mbao za ngalawa iliyovunjika, madumu, vipande vya nyavu, kamba za katani, nyundo mbili na kopo la misumari. Siku ya kwanza nilipoliona rundo lile nilitaka kumshika mtoto mkono tugeuze. Kijana msimamizi akaniamkia, akanitandikia mkeka kivulini, akasema, "Mama, karibu ukae. Ila ukimwona amepanda, tafadhali usimwite."

Mwanangu ana miaka tisa. Shuleni kwao kukimbia wakati wa mapumziko ni kosa, Jumamosi tuisheni, jioni madaftari. Mtoto wa Mtwara huyu, na alikuwa hajawahi kupanda mti. Aliposhika tawi la kwanza alinitazama kila hatua. Nikafumba mdomo. Akafika kwenye panda ya mti, juu kidogo ya kichwa changu, akakwama, machozi yakaanza. Msimamizi akaja akasimama chini yake. Hakunyoosha mkono. Akamuuliza tu, "Mguu wako wa kushoto unagusa nini?" Mtoto akapapasa kwa kidole gumba, akakipata kifundo cha tawi, akakanyaga, akashuka. Kiganja kilikuwa kimechubuka. Akakipuliza, akapanda tena palepale.

Hicho ndicho ninachokilipia: mtu mzima anayejua kusimama karibu bila kumnyang'anya mtoto kazi yake. Mimi ningemteremsha kwa mikono miwili, na mpaka leo angekuwa anauogopa ule mti.

Siku ya tatu walikaanga korosho. Sisi wa kusini tunaijua shughuli hiyo: mafuta ya ganda yanababua ngozi, na yakishika moto ndimi zinaruka. Watoto saba walizunguka kipande cha debe lililotobolewa, kimetegwa juu ya mafiga. Kwanza msimamizi aliwaambia warushe mchanga kidogo hewani waone upepo unaelekea wapi, kisha wote wakahamia upande unakotokea. Wakakoroga kwa fimbo ndefu za mti mbichi. Moto ulipowaka na moshi mweusi kupanda, nilisimama. Mwanangu alirudi hatua moja, akasubiri, akasogea, akakoroga. Wakapindua debe mchangani, wakafukia kwa mchanga hadi moto ukafa, wakasubiri zipoe, ndipo wakaanza kubangua kwa mawe. Hakuna aliyeungua. Nyumbani nilikuwa simruhusu hata kuwasha kiberiti.

Viwanja vya namna hii huko Ulaya vilianzia Emdrup, Copenhagen, mwaka 1943, katikati ya vita. Mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alikuwa ameona kwamba watoto wanapenda kuchezea mabaki ya ujenzi kuliko viwanja alivyowachorea yeye. Sisi tulikuwa na vitu hivyo bila kuchorewa na mtu. Nilicheza rede na kombolela mtaani kwetu Chuno, hapa Mtwara, mpaka adhana ya magharibi, tukapanda mikorosho ya watu, tukafukuzwa, tukarudi. Sasa viwanja vimeuzwa, kuta zimepanda, pikipiki zinapita hadi mlangoni. Inaniuma kulipia kitu ambacho mimi nilikipata bure, na inaniuma zaidi kwamba mama lishe mwenye watoto watatu hawezi kutoa 15,000 kwa siku. Nawaomba wenye uwanja watenge siku moja ya bure kila wiki.

Sasa kasoro. Maji ya kunywa yaliisha saa sita mchana siku ya pili, na kwa jua la Desemba hilo si jambo dogo. Kubwa zaidi, niliokota msumari wenye kutu mchangani. Urefu wa tawi mtoto anauona na kuupima mwenyewe. Msumari uliofukiwa hauoni, huo ni wajibu wa mtu mzima. Vilevile siku waliyoteremka kwenye mikoko ilikuwa bamvua, maji yakajaa upesi, wadogo wakarudi yamewafika magotini. Nilimwambia msimamizi yote mawili bila kuficha. Hakubishana. Kesho yake nilimkuta asubuhi na mapema akipiga reki uwanja mzima, na ubaoni pale mlangoni ameandika saa za kujaa na kupwa.

Mkienda, daladala ya Mikindani itawashusha barabarani. Mvalisheni mtoto nguo kuukuu, mfungieni chakula, maana pale ni uji tu, na mpeni chupa yake ya maji.

Sisi tunarudi Alhamisi. Wanatengeneza chelezo kwa madumu na mbao za ile ngalawa, na mwanangu amepewa kazi ya kufunga kamba. Tangu jana usiku anafanyia mazoezi mafundo kwenye mguu wa kitanda.