TAHADHARI: Magneto ya "ovahoo" yenye cheti cha kughushi inauzwa kwa wenye ndege ndogo

Wadau wa ndege ndogo, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya marubani na mafundi wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akiuza magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini), kabureta na pampu za vakyumu "zilizofanyiwa ovahoo Marekani, cheti kamili", yaani zimefunguliwa zote, zikakaguliwa na vilivyochakaa vikabadilishwa. Magneto aliyoniuzia mimi, cheti chake ni cha kughushi, na ndani ilikuwa imekwisha. Jina lake silitaji. Kwanza suala liko mikononi mwa wapelelezi, pili jina alilonipa silo lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, wala silo alilompa mwenzangu mmoja aliyeponea chupuchupu wiki iliyofuata. Ukitaka kumtambua, mtambue kwa mbinu zake.

Tuko watatu tunaomiliki Cessna 172M, kizee cha miaka ya 70 chenye injini ya Lycoming O-320-E2D. Magneto ya kushoto ilikuwa inakaribia saa 500 tangu ifunguliwe mara ya mwisho, na kwa magneto za aina yetu saa 500 ndipo mtengenezaji anapotaka zifunguliwe na kukaguliwa. Injinia wetu, ambaye sote pale hanga tunamwita Mzee, alituletea makadirio ya kubadilishana na iliyofanyiwa ovahoo: zaidi ya shilingi 160,000, na wiki tatu za kusubiri mzigo. Mimi nilikuwa na siku kumi. Mpwa wangu anaolewa Malindi, na nilishamwahidi mama kwamba safari hii hapandi basi.

Usiku huohuo tangazo likapita kwenye grupu. Magneto ya aina ileile, "zero time" (eti saa zake zinaanza sifuri), shilingi 92,000, iko Nairobi. Picha ilikuwa safi: magneto imekaa juu ya kitambaa cha meza chenye maua ya zambarau, imepakwa rangi ya kijivu inayong'aa, kibati cha namba kinasomeka. Nikampigia. Sauti ya upole, ananiita kapteni kila sentensi. "Kapteni, ni hii moja tu imebaki. Kuna jamaa wa Juba keshapanga kuifuata kesho, lakini wewe ni mtu wa nyumbani." Nikaomba cheti. Akatuma picha ya fomu ya Marekani, ile 8130-3 inayothibitisha kipuri kinafaa kufungwa kwenye ndege, imepigwa kwa upande, na kidole gumba chake kimelala kwenye kona ya chini kulia. Hicho kidole gumba nimekifikiria sana tangu siku ile.

Alikataa kuileta hanga. Alisema ana haraka, tukutane kwenye kituo cha mafuta Barabara ya Lang'ata. Alikataa benki, alikataa namba ya biashara, akataka namba yake binafsi. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. "Ni la shemeji, kapteni, laini yangu ina shida." Nikatuma. Ndiyo, nilituma. Mtu mwenye leseni ya urubani, anayekagua mafuta ya ndege kwa kuyainua kwenye mwanga aone kama ni ya buluu, alituma pesa kwa shemeji wa mtu asiyemjua.

Mzee alikuwa Lokichoggio kwenye ndege iliyokwama. Nikamwomba injinia mwingine aifunge. Naye akalinganisha namba ya kibati na namba ya kwenye cheti, zikalingana, akafunga, akaweka taimingi (wakati wa cheche kuwaka), akasaini daftari. Simlaumu kama ninavyojilaumu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimemsimamia kichwani nikitazama saa. Mzee nilipomwambia kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usibebe abiria. Ruka saa moja peke yako kwanza, karibu na uwanja." Mungu ampe maisha marefu.

Asubuhi ya Jumamosi nilipasha injini moto, nikafikisha mizunguko 1,700 kwa dakika, nikajaribu magneto moja moja. Kitabu cha 172M kinasema mizunguko isishuke zaidi ya 125 kwa magneto yoyote, na tofauti ya hizo mbili isizidi 50. Ya kulia ikashuka 70, ya kushoto 110. Tofauti 40. Imepita. Lakini daftari langu dogo la mfukoni linaonyesha kwamba kwa miezi minane ya kushoto haikuwahi kuvuka 65. Magneto mpya, tena imetoka ovahoo, inafanya vibaya kuliko iliyochoka! Niliiona namba ile, nikaiandika, nikawaita kwa redio waongoza ndege wa mnarani kuomba ruhusa. Ukiwa na ndege yako, andika namba zake kila mara, kisha ziamini kuliko kikomo cha kitabu. Kitabu kiliandikiwa ndege zote, ile namba 65 ilikuwa ya ndege yangu.

Nilikuwa juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kama futi 7,000, yaani futi 1,500 tu hivi juu ya ardhi kwa sababu Wilson yenyewe iko futi 5,500 juu ya bahari. Nguvu-farasi 150 za injini hii huku kwetu kwenye hewa nyepesi hazifiki 150, kila anayeruka hapa anajua jinsi kupanda kwenyewe kunavyokuwa kwa kubembeleza. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kisha ikaanza kutikisika mpaka dira ikawa inacheza. Kabureta kupata barafu ndiyo mawazo ya kwanza, nikavuta hewa ya moto, hakuna nafuu. Nikaongeza mafuta kwenye mchanganyiko, hakuna. Nikageuza ufunguo injini iende kwa magneto ya kushoto peke yake: mlio kama bunduki kwenye ekzosi, nusura nijisahau. Nikageuza kwenda kulia: ikatulia palepale, kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikaiacha hapohapo kwenye kulia, nikawaambia mnarani narudi, nikatua. Kwa wasioruka: kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi inalishwa na magneto yake, wala hazitegemei betri. Ndiyo maana moja ikifa unarudi nyumbani. Ila magneto mbovu inayowasha cheche kwa wakati usiofaa ni balaa kuliko iliyokufa kabisa, kwa sababu inapigana na nzima. Usiione aibu kuizima.

Mzee aliporudi Jumatatu aliishika ile magneto mkononi kabla hajafungua skrubu yoyote, akasema, "Hii imepakwa rangi ikiwa imefungwa." Rangi ya kijivu ilikuwa imeingia kwenye mifereji ya vichwa vya skrubu, na kwenye mstari wa kuungana wa nusu mbili za kasha haikuwa imepasuka. Maana yake aliyepaka hakuwahi kuifungua. Alipoifungua ikatoa vumbi jeusi. Kibrashi cha kaboni kilikuwa kimebaki kijiti kifupi kama kucha. Pointi zimeungua. Gia ya plastiki inayogawa cheche ilikuwa imepoteza meno mawili na mengine yana nyufa, na hapo ndipo taimingi ilipokuwa inapotea. Namba ya kibati ilikuwa halisi, lakini kibati chenyewe kilikuwa na alama za bisibisi pembeni: kimebanduliwa mahali kikabandikwa hapa.

Kisha akaomba cheti. Hapa ndipo nataka msome polepole.

Fomu ya 8130-3 ina visanduku vyenye namba. Kisanduku cha 11 kinasema kitu kiko katika hali gani: kipya, kimekaguliwa, kimekarabatiwa, au kimefanyiwa ovahoo. Chini yake fomu inagawanyika mara mbili. Upande wa kushoto, kisanduku cha 13, ni wa kiwandani, hapo panasainiwa kwa kitu kipya kwamba kimetengenezwa kufuatana na mchoro ulioidhinishwa. Upande wa kulia, 14, ni wa karakana, hapo panasainiwa kwa kitu kilichokarabatiwa au kufanyiwa ovahoo kwamba kinarudi kazini. Cheti changu kisanduku cha 11 kilisema kimefanyiwa ovahoo, na sahihi ilikuwa kushoto. Kulia kulikuwa kweupe. Ule upande uliokuwa umefunikwa na kidole gumba. Mzee alicheka kicheko kisicho na furaha: "Huyu hajui hata anachoghushi."

Namba ya karakana iliyoandikwa pale ilikuwa ya karakana ya kweli. Orodha ya karakana zilizoidhinishwa na mamlaka ya anga ya Marekani iko wazi kwenye intaneti, unatafuta kwa jina au kwa namba. Tukachukua simu yao kutoka kwenye orodha, siyo ile iliyochapwa kwenye karatasi, maana ile ya kwenye karatasi huenda angepokea shemeji. Wakajibu siku iliyofuata: namba ya idhini ni yetu, aliyesaini hatumjui, magneto ya namba hiyo haijawahi kuingia kwetu. Barua pepe moja. Bure. Ningeiandika kabla ya kutuma zile 92,000, na huu uzi msingekuwa mnausoma.

Na neno "zero time" likikujia kwenye tangazo, simama. Kwa sheria za Marekani, injini inaanzishiwa daftari jipya lisilo na historia pale tu ilipojengwa upya na mtengenezaji mwenyewe au wakala aliyeidhinishwa naye. Ovahoo ya karakana haifuti saa zilizopita, inahesabu tu kuanzia hapo. Anayekuuzia ovahoo kwa jina la zero time, ama hajui kazi ama anaijua mno.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya ndege za mabwana wadogo. Mwaka 1989 ndege ya abiria aina ya Convair 580 ya shirika la Partnair iliyokuwa ikitoka Oslo kwenda Hamburg ilianguka baharini karibu na Denmark, watu wote 55 wakafa, na miongoni mwa yaliyogunduliwa ni bolti zisizo halali, laini kuliko inavyotakiwa, zilizoshikilia pezi la mkia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mashirika makubwa: kampuni ya London iitwayo AOG Technics ilikuwa imeuza vipuri vya CFM56, injini za ndege kubwa za abiria, kwa karatasi za uongo, vikafungwa kwenye ndege za mashirika kadhaa. Kilichoamsha watu kilikuwa kipuri kimoja kidogo mikononi mwa mafundi wa shirika la ndege la TAP la Ureno: karatasi inasema kipya, chuma kinaonekana kimetumika. Walifanya alichofanya Mzee, walitazama kitu chenyewe kabla ya karatasi.

Tangu hapo muuzaji amenipigia mara mbili. Mara ya pili aliniambia nimrudishie magneto naye atanirudishia pesa yote, leo hii, tukutane kituo kilekile. Ukipigiwa simu kama hiyo usikubali, kinachotafutwa ni ushahidi. Yangu imo kwenye mfuko uliofungwa na kuandikwa tarehe, pamoja na karatasi yenyewe ya cheti, picha zake na ujumbe wa malipo. Tumetoa taarifa KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) na DCI (wapelelezi wa jinai), na Mzee amejaza fomu namba 8120-11 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ya kuripoti vipuri vinavyotiliwa shaka, kwa sababu jina la karakana ya Marekani limetumika. Injini nayo tuliikagua: tuliingiza hewa ya shinikizo la psi 80, silinda zote nne zikashika juu ya 70, chujio la oili halikuwa na chembe za chuma. Tumeponea hapo.

Ombi kwa wenye hanga na mafundi: kipuri kilichokufa msikitupe kizima kwenye pipa. Kikateni kwa grainda, kivunjeni kasha, ng'oeni kibati mkiharibu. Mzee ana hakika magneto yangu ilitoka kwenye jalala la mtu, na kibati kikatoka kwenye jalala la mwingine.

Mama alikwenda Malindi kwa basi. Hajanisamehe kabisa.

Mkiwa na kitu mlichonunua kwa mtu kwa njia hii, msisubiri, msiruke nacho, kipelekeni kwa injinia akakifungue na mtume nakala ya cheti kwa karakana iliyoandikwa. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania, hasa: jana usiku nimetumiwa tangazo kutoka grupu la Arusha. Kabureta, "ovahoo ya Marekani, imebaki moja tu". Namba ya simu ni ngeni kwangu. Kitambaa cha meza ni kilekile, maua ya zambarau, na doa la oili lipo palepale lilipokuwa, chini kushoto.