Darktable kwenye picha za harusi: ninachokipenda na ninachotaka kibadilike

Napiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar es Salaam, na faili zangu zote za RAW, yaani data ghafi ya kamera, nazisafisha kwa darktable. Ni programu ya kuhariri picha, ya bure, ya chanzo huria, inakaa kwenye Linux, Windows na Mac, na haidai kadi ya benki wala bando ili ifunguke. Umeme ukikatika naendelea na betri ya kompyuta. Intaneti ikigoma, sijui hata kama imegoma. Kwa mtu anayeishi kwa kazi hii mjini kwetu, hayo peke yake yanatosha kumfanya aijaribu.

Nimeikalia muda mrefu kiasi cha kuwa na maoni, na maoni yangu ni haya: uwezo wa kuitendea haki ngozi nyeusi chini ya taa za ukumbi umo ndani ya programu hii tayari. Shida ni kwamba uwezo huo unapatikana kwa picha moja moja, kwa mkono, na harusi haina picha moja. Karibu kila ninachotaka kiboreshwe kinaanzia hapo.

Nianze na kinachonifanya nisiiache. Ukumbini kuna gauni jeupe, suti nyeusi, na katikati yake kuna nyuso. Kamera ikilinda gauni lisichomeke, uso wa bibi harusi unazama. Faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli, wakati JPEG inakupa ngazi 256 kwa kila rangi, kwa hiyo kwenye RAW huo uso uliozama bado upo na unaweza kuuinua bila kutoka na mabaka. Suala linabaki kuinua uso bila kugusa gauni. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019, darktable ina moduli (kifaa kimoja ndani ya programu) inayogawa picha kwa viwango vya mwanga na kukupa slaida tisa, kila moja ikishika kiwango chake kuanzia giza kabisa hadi mwanga kabisa. Unaweka mshale juu ya shavu, unazungusha gurudumu la mausi, na shavu linapanda. Gauni linabaki pale pale, na ukingo kati ya shela na paji la uso hauoti ule mduara wa ukungu unaouona kwenye picha zilizovutwa kwa nguvu. Sijapata kifaa kingine ninachokiamini kiasi hiki kwa ajili ya nyuso zetu. Ongeza sigmoid, moduli iliyoingia toleo la 4.2 mwaka 2022, ambayo inashusha sehemu angavu taratibu bila kukulazimisha uhangaike na mipangilio mingi kama filmic iliyoitangulia, na una msingi imara wa kazi.

Sasa rangi. Hapa ndipo penye mengi.

Taa za kumbi zetu siku hizi ni LED. DJ anazungusha zambarau, mpambaji ameweka zake za njano nyuma ya jukwaa, na mpiga video ana taa nyeupe mkononi. Uso mmoja unapokea zote tatu. Moduli ya kurekebisha rangi iliyokuja na toleo la 3.4 mwishoni mwa 2020 inaweza kukabili hali hii kwa sababu unaruhusiwa kuifungua zaidi ya mara moja kwenye picha moja, kila nakala na maski yake, yaani eneo inaloruhusiwa kuligusa: moja kwa upande wa taa ya video, nyingine kwa upande wa jukwaa. Ina pia uwezo ambao watu wengi hawaujui. Unapima rangi ya sehemu fulani kwenye picha nzuri, tuseme shavu la bibi harusi akiwa nje ya kanisa kabla jua halijawa kali, unaihifadhi kama lengo, halafu kwenye picha ya ukumbini unaonyesha shavu lile lile na programu inatafuta marekebisho ya kulirudisha kwenye lengo. Mama wa bibi harusi anafungua albamu na kumkuta binti yake ni yule yule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Lakini ukinakili mipangilio hiyo kwenda picha inayofuata, programu inanakili namba ilizokwisha kukokotoa. Haipimi upya. Na picha inayofuata ilipigwa sekunde mbili baadaye, taa ya DJ imeshahama kutoka zambarau kwenda kijani. Namba za zambarau zikiwekwa juu ya kijani zinatoa uso wa mgonjwa. Ninachotaka ni ninakili lile lengo lenyewe: niiambie programu, kwenye hizi picha zote za kukata keki, tafuta uso huu, upime, uusogeze kwenye rangi hii, na usiponiridhisha nitakurekebisha mwenyewe. Hesabu za kupima na kusogeza rangi zipo tayari. Kilichobaki ni kuziunganisha na njia ya kuutafuta uso, na kumwezesha mtu aziendeshe kwa kundi zima la picha mara moja. Kama watengenezaji wangeniuliza nichague jambo moja tu kwenye orodha yangu yote, ningechagua hili bila kufikiri mara mbili.

Jambo hilo linategemea maski, na kwenye toleo la 5.0 ninalotumia, maski haijui uso ni nini. Una za kuchora kwa mkono na una za kuchagua kwa rangi au mwanga. Ya kuchora haimfuati mtu anapogeuka. Ya rangi inasumbua zaidi kwetu, kwa sababu ngozi ya kahawia, mbao za kiti, pazia la dhahabu na kitenge cha shangazi vyote vinaangukia familia moja ya rangi, na ukichagua kimoja umechagua vyote. Lightroom, programu ya kulipia ya Adobe, ilipata maski zinazotambua mhusika mwaka 2021 na zinazotambua watu mmoja mmoja, hadi ngozi ya uso na midomo, mwaka 2022. Nataka kitu cha namna hiyo kwenye darktable, kwa sharti moja: kifanye kazi ndani ya mashine yangu. Picha za watu ndani ya nyumba zao, akina mama wakiwa kwenye shughuli ya wanawake peke yao, sitaki zisafiri kwenda kwenye seva ya mtu ili tu nichoree mstari kuzunguka uso. Wateja wangu wa Kiislamu wananiuliza swali hilo waziwazi kabla hawajalipa arabuni, na wana haki ya kuuliza.

Kuna suala la pili linalohusu ngozi, nalo ni mahali picha inapoanzia. Ukifungua RAW kwa mara ya kwanza, darktable inaongeza mwanga kidogo, EV 0.7 (EV ni kipimo cha mwanga), na kukuachia mengine. Picha inaonekana imepooza ukilinganisha na ile ya kwenye kioo cha kamera, na wengi wanaifunga programu hapo hapo na kuondoka. Toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2024, lilileta mitindo ya kamera zaidi ya 500 inayokaribia JPEG ya kamera yako. Ni hatua kubwa na nawashukuru waliofanya kazi ile. Ila mitindo hiyo inashughulika na mwanga, ukali wa tofauti na wingi wa rangi tu. Haigusi mwelekeo wa rangi yenyewe, na hapo ndipo ngozi inapoharibika, inapoegemea kwenye wekundu au ukijivu. Na ili ijiwekee yenyewe unapoingiza picha unahitaji skripti ya Lua, programu ndogo ya nyongeza. Mimi naweza kuiwasha. Kijana anayejifunza kwenye studio za Kariakoo asilazimike kujua Lua ni nini. Swali moja wakati wa kuingiza picha lingetosha: unataka zianze zikifanana na kamera yako, ndiyo au hapana?

Nalisemea hili kwa uzito kwa sababu historia yake ni ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zikatoka zilivyotoka. Kadi ya kupimia rangi inayotumika sana leo, ColorChecker ya mwaka 1976, ina vibandiko 24, na kimoja tu kati ya hivyo kinaitwa ngozi nyeusi. Kimoja, kwa watu wote kuanzia Mbulushi wa Pwani hadi Mdinka wa Sudan Kusini. Darktable inakuruhusu kusahihisha kamera yako kwa kadi hiyo, jambo zuri, lakini ningependa inipe pia malengo ya ngozi yaliyo tayari, yenye ngazi za kutosha upande wa giza. Mizani ya Monk ya rangi za ngozi, iliyotolewa mwaka 2022, ina ngazi kumi na imewekwa wazi kwa umma. Si kipimo cha maabara cha kusahihishia kamera, naelewa, ila kama alama za kuanzia kwenye ile sehemu ya kuweka lengo ingenisaidia sana ninapokuwa na mteja ambaye sikumpata kwenye mwanga mzuri hata mara moja.

Taa za bluu nazo zinastahili neno. Bluu ya LED ni kali kupita rangi ambazo kioo cha kawaida kinaweza kuonyesha, na mahali inapogonga shavu au meno panageuka doa la bluu tupu lisilo na umbo. Moduli ile ile ya rangi ina slaida ya kuzibana rangi hizo zirudi ndani ya uwezo wa kioo, nayo inafanya kazi. Nataka tu programu igundue yenyewe kwamba doa lipo na inionyeshe slaida hiyo, maana imefichwa mahali ambapo hutaifikia kwa bahati.

Chengachenga za ISO kubwa, zinazotokea kamera ikiongezewa usikivu gizani: kiondoaji kinachotumia vipimo vya kila kamera ni kizuri, na nimekiwekea kijiwashe chenyewe ISO ikizidi 3200, kitu ambacho darktable inakiruhusu kwa kamera, lenzi au ISO yoyote upendayo. Hilo nalisifu sana. Lakini tangu Aprili 2023 Lightroom inasafisha chengachenga kwa mtandao wa neva, aina ya akili bandia, na kwenye nywele zilizosukwa na lesi tofauti inaonekana kwa macho. Darktable ifike huko pia, na ikifika iwakumbuke wenye mashine zisizo na kadi ya grafiki; tukubaliwe kuiacha ikokotoe usiku kucha na asubuhi tukute kazi imekwisha.

Madogo yaliyobaki: kila picha ina faili yake ya XMP pembeni inayotunza marekebisho, na hiyo ni salama tosha kwa anayehamisha kazi kati ya diski. Bado ukihamisha folda nje ya programu, maktaba inalia kwamba haizioni hadi uielekeze. Na wakati wa kuchambua ningependa picha za mfululizo zijipange kundi moja zenyewe.

Kwa anayeanza na kamera isiyo ya kawaida, angalia kwanza kama ina vipimo vya chengachenga na kama lenzi yako imo kwenye lensfun, hifadhidata ya kurekebishia kasoro za lenzi. Kama haimo, vipimo vya chengachenga unaweza kuvipiga mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya mradi na kuwatumia. Vya lenzi vinahitaji picha za jengo lenye mistari iliyonyooka, zikipigwa kwa kila urefu wa fokasi wa lenzi. Nimeanza na lenzi yangu ya nyuso, kwenye ukuta wa matofali karibu na Feri, mapema kabla wauza samaki hawajajaa.