Uzoefu wangu wa kujijengea OpenSSL kwa ajili ya Apache: faili lipo, seva inasema halipo

Niliamua kujenga OpenSSL 3.0, maktaba ya usimbaji inayowezesha tovuti kutumia HTTPS, kutoka kwenye msimbo chanzo kwa sababu mfumo wa kompyuta ninayoitumia kama seva ulikuja na toleo la 1.1.1, ambalo wenye mradi waliacha kulihudumia tarehe 11 Septemba 2023, nami sikutaka kuweka tovuti yenye kurasa za kuingilia juu ya programu isiyozibwa tena matundu yake. Nilichagua kuiweka katika folda ya /opt/openssl ili isigombane na ile ya mfumo, kisha nikajenga Apache, programu ya seva ya tovuti, nikiielekeza huko. Kazi ya ujenzi yenyewe sina malalamiko nayo: amri za configure, make na make install zilikwenda mpaka mwisho bila kosa hata moja.

Tatizo lilianza nilipoiwasha seva. Ilikataa kupakia mod_ssl.so, moduli ya Apache inayoshughulikia HTTPS, ikieleza kwamba maktaba ya libssl.so.3 haifunguki kwa kuwa hakuna faili la namna hiyo. Nilitazama kwa macho yangu, na faili lilikuwepo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ujumbe ule hauzungumzii diski nzima, bali sehemu chache tu ambazo kipakiaji cha maktaba, yaani sehemu ya mfumo inayoziletea programu maktaba inazozihitaji, huzipitia: njia iliyoandikwa ndani ya faili lenyewe wakati wa ujenzi kama ipo, kigeu cha mazingira LD_LIBRARY_PATH, orodha iliyohifadhiwa katika /etc/ld.so.cache, na mwishowe folda za kawaida za mfumo. Folda ya /opt/openssl haikuwa popote kati ya hizo.

Nikafanya kile ambacho wengi hukifanya, yaani kuandika LD_LIBRARY_PATH katika terminali, na amri ya httpd -t, inayoikagua mipangilio ya Apache (httpd ndiyo programu yake kuu), ikajibu kwamba kila kitu ni sawa. Nilijipongeza mapema. Kompyuta ilipowashwa upya, seva haikuamka, kwa sababu systemd, programu ya Linux inayoziwasha huduma, huzianzisha katika mazingira yake na haisomi chochote nilichokiandika katika terminali yangu.

Hapo ndipo ninapotaka kuisema amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazihitaji, ambayo husifiwa kila mahali na ambayo mimi ilinipotezea karibu jioni nzima, ingawa kwa haki kosa lilikuwa la kwangu. Niliiendesha juu ya httpd, nayo ikaonyesha kwamba hakuna maktaba iliyokosekana. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, ila lilikuwa jibu la swali lisilo langu: httpd haiitegemei libssl moja kwa moja, bali mod_ssl.so ndiyo inayoitegemea, na moduli hiyo huitwa baadaye, programu ikiwa tayari imeanza kukimbia. Nilipoiendesha ldd juu ya mod_ssl.so, katika terminali mpya isiyo na kile kigeu, mstari wa libssl.so.3 ukatokea mara moja ukiwa na maneno "not found".

Suluhisho nililolichagua lilikuwa kuandika faili dogo lenye njia ya folda yangu ndani ya /etc/ld.so.conf.d na kuendesha ldconfig, amri inayoijenga upya ile orodha ya /etc/ld.so.cache. Hata hilo halikufaulu mara ya kwanza. Niliandika /opt/openssl/lib kwa mazoea ya matoleo ya zamani, kumbe toleo la 3.0 kwenye mfumo wangu wa biti 64 huweka maktaba katika lib64, na ldconfig ilipita kimya bila kulalamika kwamba folda niliyoitaja haipo. Kilichonitoa gizani ni amri hii moja, ambayo ningeipa alama zote:

env -i LD_DEBUG=libs /usr/local/apache2/bin/httpd -t

Sehemu ya env -i huondoa mazingira yangu yote, hivyo jaribio hukaribia hali ambayo huduma huamkia, na LD_DEBUG huchapisha kila folda ambayo kipakiaji kinabisha hodi kikitafuta maktaba. Niliona folda zikitajwa moja baada ya nyingine, ya kwangu haimo. Nilirekebisha ikawa lib64, nikaendesha ldconfig tena, na ldconfig -p, inayoichapisha orodha hiyo, ikaonyesha libssl.so.1.1 na libssl.so.3 zikikaa pamoja bila ugomvi, kwa kuwa majina yao ni tofauti.

Kuna ushauri mmoja nilioukuta ambao siupendekezi hata kidogo: kutengeneza kiungo kinachoipa libssl.so.1.1 jina la libssl.so.3. Jina litapatikana, lakini alama za matoleo zilizomo ndani hazitalingana, na utabadilisha kosa linaloeleweka kwa kosa lisiloeleweka.

Nikijenga tena, sitaigusa orodha ya mfumo mzima. Kwenye kompyuta ambayo tayari ina libssl.so.3 yake, njia niliyoitumia ingeweza kuzilazimisha programu nyingine kupakia maktaba yangu badala ya ile zilizojengewa. Nitaiandika njia ndani ya moduli yenyewe kwa -Wl,-rpath,/opt/openssl/lib64, kisha nihakikishe kwa readelf -d, inayoonyesha njia iliyoandikwa ndani ya faili, kabla ya kuiwasha seva. Mzigo unaobaki ni kwamba hakuna anayeniletea marekebisho ya usalama ya nakala hii. Toleo la 3.0 litahudumiwa hadi tarehe 7 Septemba 2026, na kila rekebisho linalotoka hunibidi nijenge upya kwa mkono.