Msaidizi wa akili mnemba wa kupanga madokezo: uanze na upi?

Madokezo yangu yalikuwa yamefika elfu mbili na ushei siku nilipogundua kwamba nimeandika wazo lilelile mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, na kila mara kana kwamba ndiyo kwanza limenijia. Kuandika hakujawahi kunishinda. Kilichonishinda ni kukutana tena na nilichokiandika. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwa msaidizi wa akili mnemba: anishike mkono aniambie, "hili uliwahi kuligusa pale, tena linagongana na lile." Kuandika nitaandika mwenyewe.

Nimejaribu njia tano kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, nazo nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu aanze nayo. Kigezo changu cha kwanza si werevu wa msaidizi. Najiuliza: siku akiondoka, au kampuni yake ikifunga milango, madokezo yangu yatabaki kwangu, na yatasomeka? Kwa hiyo chagua kwanza nyumba ya madokezo. Msaidizi ni mpangaji, leo yupo na kesho anaweza kuhama.

Jambo moja la kujua kabla ya kutoa pesa

Wasaidizi hawa wengi hugeuza kila dokezo kuwa mfululizo wa namba kulingana na maana yake. Madokezo yenye maana za karibu hupata namba za karibu, hata kama hayana neno moja linalofanana. Kwa anayeandika Kiswahili faida yake ni kubwa, kwa sababu maneno yetu hubadilika mbele, nyuma na katikati. Ukitafuta "soma" kwa njia ya kawaida, hupati "masomo", hupati "nilimsomesha", hupati "wasomi". Anayetafuta kwa maana anaweza kuyaona yote.

Tatizo ni kwamba modeli nyingi ndogo zinazofanya kazi hii, yaani akili yenyewe iliyofunzwa kwa maandishi mengi, zimefunzwa hasa kwa Kiingereza. Nilizipima kwa neno "kupanda". Nilikuwa na dokezo la kupanda mbegu, la bei kupanda, na la kupanda mlima. Modeli ya kwanza iliyafunga yote matatu pamoja kama ndugu wa baba mmoja. Nilipoweka BGE-M3, modeli iliyotoka mwaka 2024 na inayoshughulikia lugha zaidi ya 100, dokezo la mbegu lilikwenda kukaa na madokezo ya udongo na mvua, mahali pake hasa. Programu ni ileile, madokezo ni yaleyale, ila sasa kazi ilionekana. Kama unaandika Kiswahili, au unachanganya lugha kama wengi wetu, hapa usipite haraka. Muulize muuzaji, au angalia kwenye mipangilio, modeli inayotumika ni ipi.

1. Obsidian pamoja na msaidizi unayemchagua mwenyewe

Obsidian ni programu ya madokezo iliyotoka mwaka 2020. Kila dokezo ni faili la maandishi ya kawaida, la Markdown (maandishi yenye alama nyepesi za kuonyesha vichwa na orodha), ndani ya folda kwenye kifaa chako. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya maandishi, leo au miaka 20 ijayo. Kuunganisha ni kuandika jina la dokezo jingine ndani ya mabano mawili ya mraba, basi. Programu yenyewe ni bure. Unacholipia, ukitaka, ni huduma za ziada, kama ile ya kuoanisha madokezo kati ya vifaa.

Msaidizi huja kupitia programu-jalizi, yaani nyongeza ndogo za kupachika, zinazotengenezwa na watumiaji. Smart Connections hukuonyesha pembeni madokezo yaliyo karibu kimaana na hilo unaloliandika. Copilot (nyongeza ya Obsidian, si ile ya Microsoft) hukuwezesha kuyauliza maswali. Unaweza kuziunganisha na modeli ya mtandaoni na kulipia kadiri unavyotumia, au kuendesha modeli ndani ya kompyuta yako kwa Ollama, programu ya kazi hiyo, na hapo hakuna herufi inayotoka nje. Modeli ya vigezo bilioni 8 (namba ambazo modeli hujifunza), iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila namba ili iwe ndogo, huchukua takriban GB 5, kwa hiyo kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 16 inaiendesha bila kuhema.

Utaratibu wangu ni huu. Jioni nafungua dokezo moja la siku hiyo na kuomba mapendekezo kumi ya kuunganisha. Nayasoma yote. Kwa kawaida nakubali mawili au matatu, na kando ya kila kiungo naandika sentensi moja ya kueleza kwa nini nimeyafunga pamoja. Sentensi hiyo siiachi kwa msaidizi hata siku moja. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha masanduku yenye kadi zipatazo 90,000, zikielekezana kwa namba alizoziandika kwa mkono wake. Kila alipoamua kadi mpya ikae karibu na ipi, alilazimika kuipima upya. Kazi hiyo ukimwachia msaidizi yote, utabaki na mtandao mzuri wa kutazama ambao huwezi kuueleza.

Mapungufu yapo. Kuweka kila kitu sawa kutakula mchana mzima, kwenye simu mambo si mepesi kama kwenye kompyuta, na programu-jalizi ya mtu wa kujitolea inaweza kuachwa bila matunzo. Ila ikiachwa, faili zako hazijaguswa. Anayetaka programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, na anayependa kuandika kwa vipengele, aitazame Logseq.

2. NotebookLM, kwa mwenye rundo la kusoma

Google waliianza mwaka 2023 kwa jina la Project Tailwind. Unaipa vyanzo vyako, yaani hati unazopakia, inajibu kwa kutegemea hivyo, na kila dai lina namba inayokupeleka kwenye kifungu lilikotoka. Kwa hili naipenda sana, maana naweza kuhakikisha. Toleo la bure hupokea vyanzo 50 kwa kila daftari, na kila chanzo kinaweza kufika maneno 500,000. Ujanja wangu ni kuunganisha madokezo ya mada moja kuwa faili moja kabla ya kuyapakia. Hivyo hata madokezo elfu mbili yanaenea.

Si nyumba, lakini. Viungo havirudi kwenye madokezo yako. Mimi naitumia kama msomaji wa kukodi: naiuliza, nachukua nilichopata, narudi kukiandika Obsidian.

3. Notion

Hii ni programu ya mtandaoni ya kurasa na majedwali. Ichukue kama madokezo yako ni ya kazi ya pamoja, yenye majedwali, ratiba na watu watano wanaohariri ukurasa mmoja. Msaidizi wake amekuwemo tangu 2023 na anaweza kujibu akipitia kurasa zote, bila wewe kuhangaika na mipangilio. Kila kitu kinakaa kwenye seva zao, na msaidizi kamili analipiwa. Ukitoa vitu vyako unapata Markdown kwa kurasa na CSV (faili la kawaida la jedwali) kwa majedwali, ila jiandae kushona upya baadhi ya mahusiano kati ya kurasa.

4. Wasaidizi wa mazungumzo: ChatGPT, Claude, Gemini

Wazuri wa kusafisha. Mpe mmoja madokezo ya mkutano yaliyoandikwa mbiombio, atakurudishia vichwa vya habari, lebo na orodha ya ahadi zilizotolewa. Kuhifadhi humo ni kosa, kwa kuwa baada ya mwezi utakuwa unatafuta wazo lako ndani ya mamia ya mazungumzo.

5. Programu zinazosema "wewe andika tu, tutakupangia"

Nimeziweka mwisho, na si kwa sababu hazifanyi kazi. Nyingine zinashangaza kwa wepesi. Ila mpangilio wote unakaa kwao, kwa hiyo ukihama unabeba maneno na kuacha mahusiano, na mahusiano ndiyo uliyoyalipia. Sera nazo hubadilika. Evernote, programu ya madokezo ya siku nyingi, baada ya kununuliwa na kampuni ya Bending Spoons, mwezi Desemba 2023 iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha madokezo 50 na daftari moja. Waliokuwa wamevuka hawakunyang'anywa walichokuwa nacho, ila hawakuweza kuongeza kipya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa anayeshika daftari ni mtu mwingine.

Jinsi ya kupima kabla ya kulipa

Chukua madokezo yako 20 halisi, yale machafu yenye vifupisho na makosa ya herufi. Andika maswali matano, na moja kati yake liwe swali ambalo jibu lake halimo kabisa. Mimi niliuliza ni lini nilibadilisha betri ya kompyuta, jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Msaidizi mmoja alinipa tarehe kamili bila kusita. Nilipofuatilia, nikakuta ameitoa kwenye dokezo la siku niliyobadilisha kioo cha simu. Huyo nilimwacha siku hiyohiyo. Anayesema "sijaona hilo katika madokezo yako" ndiye wa kukaa naye.

Kisha jaribu kuyatoa madokezo yote na uyafungue kwa programu nyingine. Zima intaneti uone kinachobaki. Soma pia kwenye mipangilio kama maandishi yako yanatumika kufunza modeli, na kama unaweza kukataa. Madokezo ya afya, ya fedha, na siri ulizoambiwa na watu wengine uyatenge kwenye folda ambayo msaidizi wa mtandaoni haruhusiwi kuigusa. Wenye siri hizo hawakuulizwa kama wanakubali.

Ukifika kwenye kulipa, lipia mwezi mmoja kwanza, hata kama mwaka mzima unapunguziwa bei. Mwisho wa mwezi hesabu ni viungo vingapi ulivyovikubali na ukavitumia tena. Mimi programu yangu ya kwanza ya kulipia iliniletea vinne. Obsidian, mwezi wa kwanza, sitini na moja.