Uzoefu wangu: beringi mpya za mbele kwenye trekta ya Massey Ferguson 135

Seti niliyonunua Nakuru mjini naisifu kwanza kwa kuja kamili: kila gurudumu lina beringi kubwa ya ndani, ndogo ya nje, vikombe vyake (pete za chuma ambamo rola za beringi huzunguka), sili ya kuzuia grisi isitoke na pini ya kufungia nati. Duka jingine lilitaka kuniuzia beringi bila vikombe, eti vya zamani bado vizima. Nilikataa. Kikombe kikishaliwa na kutoboka vishimo, rola mpya huzunguka juu ya ubovu uleule na kuharibika upesi. Bei ilikuwa juu, lakini sioni faida ya kununua nusu.

Trekta za 135 zilianza kutengenezwa mwaka 1964, na huku Njoro bado utazikuta zikilima. Yangu ilikuwa ikikwaruza mbele na gurudumu kuyumba barabarani.

Fundi aliyenijia shambani ndiye aliyenifurahisha zaidi. Hakukimbilia spana. Aliinua ekseli kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akashika tairi juu na chini akalitikisa huku kijana wake akitazama kwa nyuma. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikicheza peke yake, ni beringi. Spindo, yaani mhimili unaobeba gurudumu, nayo ikicheza ndani ya ekseli, bushi (vibomba vya chuma ambamo spindo hugeukia) zimeisha, na hapo beringi mpya hazitakusaidia. Yangu ilikuwa habu.

Vikombe vya zamani alivitoa kwa kipande cha shaba, akigonga huku na huku ili visikae upande. Habu akaiosha kwa dizeli hadi ikang'aa, kisha akashindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili wa rola. Akakaza nati huku akizungusha gurudumu mpaka likawa zito, akairudisha kidogo hadi tundu la pini likalingana. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu kazi: wakikaza mno, beringi inaungua, wakilegeza, inajila yenyewe.

Nimeshalima na kuvuta trela la mahindi. Nikishika habu naikuta vuguvugu tu, na usukani umetulia kabisa.

Lililonikera ni kwamba grisi haimo kwenye seti, na nauli ya fundi unalipa kando. Ukienda dukani, beba beringi yako kuukuu: namba zimechorwa kwenye chuma chake, na muuzaji azilinganishe mbele yako kabla hujatoa pesa.