Bata mzinga wa Novemba: ununue jiko gani la nje?

Alhamisi ya nne ya Novemba hapa Marekani, Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), oveni inakuwa imeshakaliwa na pai na mkate wa kumimina, huku bata mzinga wa paundi 12 akisubiri zamu. Kumpika nje ni uamuzi mzuri. Ila kabla ya kutoa pesa, jiulize: jiko hilo litakufaa nini miezi 11 inayobaki?

Kwa kipimo hicho, ninaloliweka la kwanza ni jiko la mkaa la duara lenye mfuniko. George Stephen wa kampuni ya Weber alilibuni mwaka 1952 kutokana na maboya ya chuma waliyokuwa wakitengeneza kazini kwake, na umbo halijabadilika sana. Nunua lenye upana wa inchi 22, maana dogo litakubana. Mara nyingi bei ni kati ya dola 150 na 250. Panga mkaa pembeni, kulia na kushoto, katikati weka trei yenye maji kidogo, ndege akae juu ya trei. Akiwa mzima, saa mbili na nusu hadi tatu. Mimi humpasua mgongo, nikautoa uti na kumtandaza kama kuku wa kubanika. Hapo saa moja na nusu hivi inatosha, na kidari hakikauki kwa kusubiri mapaja. Baridi ikiwa kali, ongeza mkaa kila saa na usifunguefungue mfuniko. Wiki inayofuata, jiko hilohilo linachoma mbuzi na samaki.

La pili ni la gesi lisilotumia mafuta ya kupikia, kama Big Easy ya Char-Broil. Ndege anaingia kwenye pipa la chuma lenye joto kuta zote, takriban dakika 10 kwa paundi, ngozi inakauka vizuri. Halina harufu ya mkaa, na hilo kwangu ni upungufu mkubwa, lakini kwa asiyependa kuhangaika na moto, ndilo.

Jiko la moshi la vidonge vya mbao (unga wa mbao ulioshindiliwa) linatoa nyama tamu kuliko yote. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei: dola 400 na kuendelea, na linahitaji umeme. Kwa joto la chini, ngozi inabaki kama mpira. Maliza kwa digrii 325 za Fahrenheit au zaidi.

La mwisho ni sufuria ya kukaangia kwa mafuta. Ladha yake siibishii. Dakika 3 hadi 4 kwa paundi na ndege ameiva! Lakini unahitaji galoni tatu au zaidi za mafuta, kwa kawaida ya karanga (waulize wageni kuhusu mzio), na hatari ni ya kweli. Mwaka mmoja nilisaidia kukaanga uani kwa rafiki. Tumboni mwa ndege kulikuwa na barafu bado, mafuta yakapanda hadi ukingoni. Tuliwahi kuzima gesi. Shirika la Marekani la kuzuia moto, NFPA, linashauri watu wasiyatumie kabisa majiko haya ya gesi ya kukaangia kwa mafuta. Ukiamua kulinunua, pima kiasi cha mafuta mapema kwa kutumia maji, kausha sufuria na ndege mpaka pasiwe na tone, zima moto kabla ya kumtumbukiza, na kaa mbali na nyumba. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe.

Unaishi ghorofani? Soma mkataba wa nyumba kwanza. Majengo mengi hayaruhusu mkaa wala gesi kibarazani.

Jiko lolote utakalochukua, nunua na kipimajoto cha nyama. Kichome kwenye kidari na sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Isome digrii 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi. Anayetaka wa halali aagize mapema buchani. Na wa paundi 12 aliyeganda anahitaji siku tatu kwenye friji, kwa hiyo mtoe kwenye freeza Jumapili.